Mashine Iliyoitika Jina la Nyanjige

Asubuhi ile kompyuta ya Mwalimu Paschal haikuwaka. Ililia.

Wilhelmina alibonyeza kitufe kama siku zote, akageuka kumwaga maji mlangoni atulize vumbi, na nyuma yake akasikia sauti nyembamba ikitoka chini ya meza. Moja ndefu, mbili fupi, kimya kidogo, halafu tena. Kioo kilibaki cheusi. Akazima, akawasha. Moja ndefu, mbili fupi. Hakushtuka. Mwanamke aliyepunguzwa kazi na chama cha ushirika, akatolewa nje siku moja na mashine yake ya taipu, hashtuliwi na vitu vidogo. Alisimama tu na ndoo mkononi akiwaza kwamba sauti ile anaijua, na haikumchukua muda kukumbuka. Ndivyo anavyolia mtoto mchanga aliyekwisha kunyonya, aliye mkavu, asiye na homa, na bado analia.

Miaka ile ya soko huria kila mtu Bariadi alikuwa ananunua kitu na kukiuza. Ushirika ulikuwa umekufa ukiwa umesimama, maghala yake yamepigwa kufuli, na wanunuzi binafsi wa pamba walijaa mjini na mizani zao, kila mmoja na shida yake ya karatasi. Mwalimu Paschal alikuwa amestaafu ualimu. Wenzake walinunua ng'ombe. Yeye akaenda Mwanza akarudi na kompyuta, akafungua duka la kuchapa, akamweka Wilhelmina kwenye kiti kwa kuwa alikuwa na vidole vya taipu na hakuwa na maneno mengi. Kompyuta yenyewe haikuwa mpya. Ilikuwa kafa Ulaya, mtumba kama suruali aliyovaa Mwalimu na koti alilomnunulia mkewe. Boksi lilipofunguliwa ilitoka harufu ya robota la mitumba, ile ya dawa ya nondo na jasho la watu usiowajua. Ubavuni mwa sipiyu, kama watu wanavyoliita lile sanduku lenye mambo yote ndani, palikuwa na kikaratasi cha gundi. Mtu aliandika jina lake pale, na mtu mwingine akalikwaruza mpaka lisisomeke.

Umeme waliuvuta kwa waya kutoka kwenye jenereta ya kinu cha pamba cha jirani. Jenereta ikizimwa kuongezewa mafuta, kazi ya watu ilipotea yote. Ndipo Joakim, fundi aliyemuuzia Mwalimu hiyo kompyuta, akaja na sanduku la betri aliloliita yupiesi, akaliweka nyuma ya meza, na Wilhelmina akalifunika kwa kipande cha kanga lisiingie nyuzi za pamba zilizokuwa zikiruka mtaa mzima.

"Hii ni ndogo," Joakim aliwaambia siku ile. "Kioo haiwezi kukibeba. Umeme ukikatika kioo kitakuwa cheusi, lakini sipiyu itabaki na pumzi yake kidogo."

Wakasema sawa, wakalisahau. Kitu kilichofunikwa kanga husahaulika upesi.

Basi mashine ililia siku hiyo na ya pili yake, na Mwalimu akampigia simu Joakim kutoka posta. Joakim akapanda basi. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye bisibisi mfukoni kama wengine wanavyobeba kalamu. Alifungua sipiyu, akakuta pamba imejisuka kwenye feni kama kiota cha ndege, akacheka, akaipuliza. Akawasha. Ikalia. Akachomoa kipande cha kumbukumbu, akakisugua meno yake kwa kifutio cha penseli, akakirudisha. Ikalia. Akasema kilio cha namna ile maana yake ni kadi ya kioo, na kadi anayo nyingine begini. Akabadilisha. Ikalia vilevile.

"Sasa naitoa kumbukumbu kabisa," alimwambia Wilhelmina. "Utasikia inabadilisha wimbo. Lazima ibadilishe, mama, ndivyo zilivyotengenezwa."

Haikubadilisha. Moja ndefu, mbili fupi.

Joakim akajikuna kichwa, akasema ukaidi huu ni wa kizungu, akachomoa spika. Ilikuwa kitu kidogo cheusi, si kikubwa kuliko kifuniko cha soda, na ndiyo peke yake iliyokuwa na sauti mle ndani. Akaiweka mezani na nyaya zake mbili zimejikunja, akabonyeza kitufe akiwa bado anatabasamu, na mashine ikalia kutoka mahali ambapo hapakuwa tena na kitu cha kulia nacho, moja ndefu, mbili fupi, si kwa nguvu, kwa subira tu, na harufu ya robota ikapanda kutoka kwenye vyuma vilivyo wazi ikajaa chumba.

Tabasamu lilibaki usoni kwa Joakim muda kidogo baada ya mwenyewe kuliacha. Alirudisha kila kitu mahali pake, akakaza skrubu. Mwalimu alimuuliza tatizo ni nini. Akajibu kwamba yeye anatengeneza mashine, hiyo waipeleke Mwanza wakaivunje vipuri. Hata soda aliyonunuliwa hakuimaliza.

Mwalimu Paschal alikaa kwenye benchi la wateja akiangalia miguu yake.

"Mama Lucy," alisema mwisho, "ikishindikana nafunga duka. Sina namna."

Wilhelmina akasema amesikia. Hakulia wala hakubembeleza. Ushirika ulipomtoa pia alisema amesikia. Lakini safari hii kulikuwa na Lucy nyumbani, binti yake, tumbo limemfika kidevuni, na baba wa tumbo alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu akapata mwanamke. Na ndani ya tumbo lile, Wilhelmina alikuwa akimsubiri mtu.

Alikuwa akimsubiri mama yake. Nyanjige alifia kule Mwamapalala, kwenye mkeka, akili zake timamu na kiko chake pembeni, na kabla hajanyamaza alimwita Wilhelmina karibu akamwambia, "Nitarudi kwa Lucy. Msinipitishe mlango mwingine." Wilhelmina ni mtu wa kanisani, anaimba sauti ya pili, na Padri alikwisha kuwaambia jinsi ya kuyatazama mambo hayo. Aliyatazama hivyo kila Jumapili. Siku nyingine alijua kwamba Lucy akizaa, mtoto atalia, na wazee watakaa watamtajia majina ya waliotangulia mmojammoja kama ilivyo desturi, na likitajwa la Nyanjige mtoto atanyamaza, na mama atakuwa amefika. Jina hilo lilikuwa limewekwa. Hata mbuzi hakupewa.

Mchana huo Mwalimu alikwenda kutafuta mtu wa kununua mashine ya fotokopi. Wilhelmina akabaki kufagia. Kinu kilikuwa kinanguruma ng'ambo ya ukuta, jua limepiga bati mpaka bati linatoa milio, na barabara nzima hakuna mtu. Alibonyeza kitufe mara ya mwisho, kama mtu anavyogusa paji la uso la maiti. Ikalia. Hakuizima. Aliendelea kufagia, na kilio kikaendelea, na ufagio ukaanza kufuata kilio, na sijui ni uchovu au ni mazoea ya mwanamke aliyebembeleza watoto tangu alipokuwa mtoto mwenyewe, mdomo wake ukafunguka ukasema kwa Kisukuma, taratibu, vile watu wanavyomsemesha mtoto aliyegoma:

"Unamtaka nani? Wewe ni nani?"

Akaanza kutaja. Alimtaja baba yake, Luhende. Ikalia. Akamtaja mjomba wake Mayige aliyeliwa na mamba. Ikalia. Akamtaja Marcelo mume wake, naye hakuwa yeye, na hapo Wilhelmina akacheka kidogo peke yake, maana Marcelo hata alipokuwa hai hakuwahi kuitika mara ya kwanza. Akawataja shangazi, akawataja waliokufa na surua, akawataja waliozikwa kabla yeye hajazaliwa ambao aliwajua kwa majina tu, ufagio unakwenda na majina yanakwenda, akawamaliza upande mmoja akaingia wa pili, na kwa kuwa majina ya ukoo hutajwa kwa mstari na ukianza mstari ulimi unajiendea wenyewe, alisikia sauti yake ikisema, "Nyanjige."

Mashine ikanyamaza.

Feni ikatulia ikaanza kuvuma sawasawa. Kioo kikapata rangi ya kijivu, kisha nyeupe, herufi zikakimbia, na ukurasa ukafunguka ukiwa tupu, unamsubiri. Wilhelmina alisimama na ufagio. Alijua amefanya nini. Alijua kama mtu anayejua kwamba ameacha chungu motoni, yuko mbali na nyumbani, na kwa sasa hakuna la kufanya. Mwalimu aliporudi akaona kioo kinawaka alimshika mikono yote miwili, mzee wa watu, karibu alie. Wilhelmina akamwambia ilikuwa pamba tu.

Tangu siku ile haikuwaka kwa mtu mwingine. Mwalimu akibonyeza, inalia. Wilhelmina akifika asubuhi, akiweka mkoba, akiisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Nyanjige," inawaka kabla kidole hakijafika. Mwanzoni alisema polepole Mwalimu asisikie. Baadaye alisema tu. Kazi ilikuwa nyingi, kadi za harusi, mitihani ya shule, barua za kwenda wilayani, na mashine haikugoma wala kupoteza kitu. Mwalimu alikuwa akiwaambia watu kwamba bila Mama Lucy duka halipo, na ilikuwa kweli kuliko alivyodhani. Wilhelmina hakuona furaha wala hofu. Alikula, akalala, akaamka. Nguo zake zilianza kunuka robota, akazifua, zikanuka.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka Nyashimo kuchapiwa barua ya shamba. Wilhelmina akamuuliza jina. Yule mama akasema, "Nyanjige." Chini ya meza feni ikapanda kwa nguvu, upepo wa moto ukawapiga wote wawili miguuni, na ikatoka sauti moja fupi, ya adabu, kama ya mtu aliyeitwa akiwa chumba cha pili.

"Hiyo nini?" mama wa Nyashimo aliuliza.

"Mashine," Wilhelmina alisema.

Yule mama akasogeza kiti chake nyuma, akatazama mlango, akasema barua si ya haraka, atarudi siku nyingine. Hakurudi.

Lucy akajifungua mtoto wa kike. Uso wote wa marehemu Nyanjige, hata lile pengo kati ya nyusi. Mtoto akalia tangu alipotoka, akalia akiogeshwa, akalia akinyonyeshwa, akalala akichoka tu na kuamka akilia. Sista wa zahanati alimgeuza juu na chini akasema hana ugonjwa. Nyumbani hakuna aliyehangaika. Walijua analilia jina. Dada mkubwa wa Wilhelmina, Esteria, alikuja kutoka kijijini na pombe yake ya mtama kibuyuni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchunga ng'ombe, akamweka mtoto mapajani alasiri moja ndugu wamekaa uani, akaanza kutaja. Alianza mbali kwa makusudi. Alikuwa anajua mwisho wa safari, akataka kuifurahia. Watu walikuwa wanatabasamu.

Alipofika akavuta pumzi, akasema, "Nyanjige."

Mtoto hakunyamaza. Alikakamaa, akageuza kichwa kuelekea mjini, na akapiga kelele ambayo hawakuwahi kuisikia tangu azaliwe, kelele ya mtu aliyefika kwake akakuta kufuli si yake. Esteria akarudia. Ikawa mbaya zaidi. Tabasamu zikakunjwa kama mikeka, watu wakaanza kukumbuka kwamba wana ng'ombe wa kukamua.

"Wewe," Esteria alimwambia mdogo wake kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Mama umemfanya nini?"

 Kesho yake Wilhelmina alipofika kazini Mwalimu alikuwa amesimama nje ya duka na funguo, hajafungua.

"Jana," alisema, "ulipoondoka mapema kwa ajili ya mjukuu. Mimi niko hapa nakunywa chai. Ile kitu imewaka yenyewe, Mama Lucy. Imelia kidogo, kama inaitika. Imelia mara ya pili. Halafu ikabaki inawaka, inavuma, hata nilipobonyeza haikuzima."

"Saa za alasiri," Wilhelmina alisema.

"Umejuaje?"

Akachukua funguo mkononi mwake, akafungua, akaingia, akasema mwangaluka yake. Ilikuwa siku ya kazi.

Mtoto akaanza kukataa ziwa. Kilio kikapungua, si kwa kutulia, kwa kuishiwa. Utosi wake ukadidimia kama udongo juu ya shimo. Lucy alikuwa amekaa mlangoni na maziwa yakimtiririka. Ndipo Wilhelmina akamweleza dada yake kila kitu, akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho kwenye ungo. Esteria alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema amewahi kusikia mtu akimpa mbwa jina la marehemu, na akaona huo ndio ukomo wa upumbavu. Kisha akachukua kanga yake akaenda Mwamapalala, akarudi na mfumu.

Aliitwa Mahona, mganga wa watu wa kule tangu enzi za mama yao, mzee mkavu, macho yameingia ukungu na masikio yake ya kubahatisha. Alimtemesha Wilhelmina mate kwenye mdomo wa kifaranga, akakipasua, akapapasa vimifupa kwa kidole gumba kwa kuwa kuviona hakuweza.

"Mashine haina shida ya jina," alisema baadaye. "Aliyekuwa ndani ndiye mwenye shida. Nyie mtasema jini, semeni. Ni mtu alikufa huko, wakauza vitu vyake na jina lake wakalikwangua. Kwao hawaitani. Amekuja mpaka huku ndani ya mali yake, akasikia mwanamke anaita majina. Na wewe ukampa."

"Na mama?" Esteria aliuliza.

"Mama yenu yuko nje. Alikuja akakuta mlango una mtu."

Wilhelmina aliuliza kama jina linaweza kurudi. Mahona akasema linaweza, ila aliyelitoa ndiye alirudishe, mbele ya mashine ikiwa macho, mtoto akiwepo. Ataita mara moja. Jina litatoka limfuate mtoto. Yule wa ndani naye atataka kutoka nalo, kwa sababu ameshalizoea. Kwa hiyo mtoto akinyamaza tu, mashine izimwe palepale, abaki ndani bila jina, aoze humo.

"Palepale," mzee alisema. "Siyo baadaye."

Walikwenda Jumapili wakati wa misa, mtaa ukiwa mtupu. Kinu hakikuwa na Jumapili, msimu ulikuwa umepamba moto, kilinguruma kama siku zote na nyuzi nyeupe ziliingia chini ya mlango. Mwalimu Paschal alikuja kwa sababu duka ni lake. Alikuwa ameambiwa kazi moja: ile plagi ya ukutani, aikamate, na akiambiwa aivute. Kitufe hakikumsikia tena mtu yeyote, wote walikwisha kulijua hilo. Lucy alikaa kwenye kiti cha wateja na mtoto kifuani. Esteria akashika kibuyu cha maji ya unga. Mahona alikaa sakafuni mgongo wake ukutani, akanyunyiza maji ya unga mlangoni ili aliye nje ajue anaitwa, kisha akanyunyiza sipiyu. Wilhelmina akapiga magoti mbele ya meza.

"Mwangaluka, Nyanjige," alisema, na ikawaka.

Mahona akampa ishara. Mtoto alikuwa analia kwa sauti ya mlango wa mbali, na Wilhelmina akamtazama, akafungua mdomo, akaita jina la mama yake, mara moja, kwa sauti yake yote, sauti ya pili ya kwaya, na chini ya meza feni ikapanda, ikapanda, ukurasa mweupe wa kioo ukaanza kutetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka, harufu ya robota ikaja nzito mpaka Esteria akaziba pua, nondo na jasho na vyumba vilivyofungwa na makabati ya watu ambao hakuna aliyewakumbuka, na kilio kikatoka kwenye mashine, moja ndefu, mbili fupi, na kilio kikatoka kwa mtoto, na vilio viwili vikatafutana juu ya vichwa vyao mpaka vikakutana vikawa kimoja, na hapohapo mtoto akanyamaza.

"Zima," Mahona alisema.

Mwalimu akavuta. Plagi ikatoka ukutani na cheche ndogo, kioo kikawa cheusi.

"Imezimwa?" mzee aliuliza, macho yake meupe hayaangalii popote.

"Imezimwa," Mwalimu alisema, akiinua plagi mkononi kama mtu aliyevua samaki.

Wote walikitazama kioo. Kinu kilikuwa kinanguruma. Wilhelmina peke yake alikuwa magotini, na peke yake alihisi upepo wa moto bado unapuliza kwenye mapaja yake, sawasawa, bila haraka. Akainamisha kichwa. Nyuma ya meza, chini ya kipande cha kanga alichokifunika kwa mkono wake mwenyewe, kilikuwa kinawaka kijitaa chekundu. Sipiyu ilikuwa na pumzi yake kidogo.

Angeweza kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na mkono wa kuchomoa waya ule ulikuwa karibu. Akageuka amwonyeshe Mahona, na alipogeuka akaona mtoto ameshika ziwa. Alikuwa ananyonya. Koo lile dogo lilikuwa linapanda na kushuka, linameza, na Lucy alikuwa amefumba macho na machozi yanamtoka bila sauti, mara ya kwanza tangu ajifungue. Wilhelmina akawaza kwamba akisema, watamnyang'anya mtoto kitu fulani katikati ya kumeza. Akabaki na mdomo wake. Upepo uliendelea kumpuliza mapajani muda wa Baba Yetu nzima, ukapungua, ukawa vuguvugu, ukaisha. Kijitaa chekundu kikafa.

Mtoto akaachia ziwa, akashusha pumzi. Pumzi ilimfikia Wilhelmina pale chini alipokuwa. Ilikuwa ya moto, na ilinuka robota.

"Nyanjige amefika," Esteria akasema, akapiga kigelegele.

Wilhelmina akapiga na yeye.

Kompyuta inawaka kwa yeyote siku hizi. Mwalimu anaibonyeza mwenyewe, ni mashine ya kawaida, inapoteza kazi za watu kama mashine nyingine. Alimwajiri msichana wa kumsaidia, na Wilhelmina hakulipinga hilo. Mtoto amenenepa. Halii. Alipochomwa sindano ya surua hakulia, uji ulipommwagikia mguuni hakulia, aliutazama mguu ukivimba kama anautazama wa mtu mwingine. Majirani wanasema mtoto mwenye adabu hivi hawajaona. Akilala, kisogo chake kinakuwa cha moto, na jioni kinu kikizima jenereta na mtaa wote ukatulia ghafla, unasikia kitu kinavuma polepole kwenye chumba cha Lucy, muda kidogo, kisha kinaacha.

Juzi jioni giza lilikuwa linaingia na Wilhelmina anasonga ugali kwenye jiko la mkaa karibu na mkeka. Mlango ulikuwa wazi. Lucy alikuwa ameweka bakuli la mtoto mkekani, akaita kutoka jikoni:

"Nyanjige, njoo ule."

Mtoto aliyekuwa amekaa mkekani akageuza kichwa.

Na nje, karibu na ukuta, mahali ambapo mtu hukaa akiwa amezunguka nyumba sana akachoka, mwanamke mzee akakohoa kikohozi cha kiko, akasema, "Abee."

Lucy alitoka na upawa, akatazama mlango, akamtazama mama yake.

"Mama, kuna mtu?"

Wilhelmina akaepua sufuria, akafuta mikono, akaenda mlangoni. Hakuchungulia. Akausukuma ukafunga, akatia komeo, akarudi kumega ugali.

"Hakuna," alisema. "Mlishe mtoto."